Kisiki cha nyuma ya jiko

Odeta uko wapi?

Si unakijua kile kisiki cha mkuyu ulioangushwa na upepo, kinachochipua kila masika? Leo nimekitia moto wa mkaa kiishe, nipande parachichi.

Mama mkwe katoka kanisani, kauona moshi. Wala hakunigombeza. Kauliza tu, "Aline, unamchoma nani?"

Unamchoma NANI, Odeta!

Kumbe mwaka ule wakwe zangu wanafika kutoka Burundi, mama alizika kichanga chake pale. Msalaba hawakuweka, wakapanda mkuyu. Hata mume wangu hajui kwamba ana kaka pale!

Nimemwaga maji ndoo kwa ndoo. Moto umeshaingia kwenye mizizi, moshi unatokea ardhini.

Mama kavua kitenge, kafunika pale. Anapapigapiga taratibu, kama anambembeleza mtoto alale.