Mbu Hawa ni wa Ndani

Jumatano, 30 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. U mzima? Mkeo hajambo, na lile jicho lililoingiwa na cheche limepona? Sisi tulifika salama Jumapili, mimi na binti yangu, mpwa wako, na tumbo lake pia lilifika salama, maana njia nzima nililishikilia kama trei ya mayai. Mengine yote si salama.

Nakuandikia kwa sababu tulishakubaliana: kwenye simu tunafokeana, kwenye karatasi tunaheshimiana. Dereva wa basi la asubuhi amekubali kunibebea barua. Basi niruhusu nikwambie kwa heshima zote kwamba nyumba ya mama inatia kinyaa.

Kazi yangu unaijua. Nasimamia chumba cha kufulia hospitalini, na mashuka ninayopokea pale wewe ungeyakimbia. Sishtuki ovyo. Lakini nilipokunjua chandarua cha kitanda cha mama nilikikuta kimejaa madoa ya kahawia, na kila doa lina maiti yake katikati, mguu huku, bawa kule. Damu ya kila mgeni aliyewahi kulala hapa imekaukia pale. Nilikishika kwa vidole viwili nikakitupa nje, kisha nikanawa mpaka kwenye viwiko.

Mbu wenyewe hawana hata adabu ya kungoja giza. Wanakuuma mchana kweupe, kikombe cha chai kiko mdomoni. Wanapenda vifundo vya miguu na nyuma ya mikono, mahali ambapo macho hayafiki. Miguu yao ina madoa meupe, na ukimpiga mmoja anakupasukia damu ya mtu mwingine kwenye ngozi yako. Nikishafuta bado naisikia ipo.

Mpwa wako nimemvisha mikono mirefu, suruali chini ya gauni na soksi za baba yake. Analalamikia joto, namwambia avumilie. Mafuta ya kufukuza mbu nampaka mwenyewe, kwa sababu akijipaka anasahau shingo. Dawa ya kuchoma hatuwezi, akisikia harufu yake tu anatapika. Unajua tulichojia huku. Mimba mbili zimeharibika, hii ya tatu imefika mwezi wa saba, na daktari amesema apumzike mahali penye utulivu na hewa nzuri. Hewa ni nzuri, sikatai, ila imejaa mbu.

Jambo moja. Kile chumba cha maji kando ya jiko kina kufuli, na ndoo zote zimo humo. Huyu jirani uliyemwachia nyumba, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Kufuli, anasema ufunguo unakaa nao wewe mwenyewe. Tangu tulipomzika mama sijakanyaga hapa, sikujua kama kuna vyumba vya kufungiwa. Nitumie.

Dada yako


Ijumaa, 1 Agosti

Dada,

Shikamoo. Jicho limepona, mke wangu anakusalimu, na kazi ya kuchomelea inaendelea. Mpe mpwa wangu pole ya safari.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikuwa nimekasirika. Madirisha ya nyumba ile nimeyawekea wavu kwa mikono yangu. Likizo nzima nilikuwa juu ya ngazi nachomelea fremu, watu wa rika langu wakistarehe. Matundu yake ni madogo hata usubi haupiti. Hao mbu wanaingilia wapi? Labda mnaacha mlango wazi. Au umetia chumvi, maana wewe tangu utoto ukiona nzi mmoja unasema kundi. Mama alikuwa akisema unaiosha sabuni kabla ya kuitumia.

Hata hivyo nimempa dereva chandarua kipya, dawa ya kupuliza na ndoo mbili. Chandarua kichomekeeni chini ya godoro pande zote. Milango ifungwe kabla jua halijazama. Ukipuliza dawa, mtoe kwanza mpwa wangu nje, asiivute.

Chumba cha maji achana nacho. Hamna cha maana humo.

Mdogo wako


Jumanne, 5 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini ninyi hamjambo, kwa sababu sisi tunaumwa.

Chandarua chako ni kizuri na usiku tunalala. Lakini mtu hawezi kuishi ndani ya chandarua mchana kutwa kama mkate wa dukani. Juzi mpwa wako alijinyoosha kwenye kochi baada ya chakula, joto likamshinda akavua soksi. Alipoamka miguu ilikuwa imevimba vipele. Jana kutwa alikuwa na homa, macho yanamuuma kwa nyuma, mifupa inamvunjika, na leo nimemleta zahanati. Muuguzi amempima. Si malaria, ni dengue, ya mbu waliomuuma tangu siku zile tulipofika. Wamemlaza. Anasema kwa mjamzito hii si homa ya kuchezea, anaweza kutokwa damu, na mtoto anaweza kuja kabla ya wakati au asije kabisa. Nimeandika hivyo alivyosema, sikuongeza neno.

Akaniuliza ndani mna chombo gani chenye maji yaliyotulia, kwa sababu mbu wa madoa meupe hatoki mbali, huzaliwa humo humo nyumbani. Nikaapa hakuna. Nilikuwa nimekwisha kugeuza kila sufuria, kila kopo, hata kisahani cha chini ya ua.

Kisha nikarudi nyumbani kuchukua nguo zake. Nilikaa kwenye korido nifunge kamba za viatu, nikawaona. Wanatokea chini ya mlango wa chumba cha maji, mmoja mmoja, bila haraka, kama wapangaji wanaokwenda kazini. Nikaweka sikio mlangoni. Humo ndani kunavuma.

Wavu wako hauna kosa. Ni kweli hawaingii. Hawatoki pia. Umewajengea.

Nimekupigia kwa simu ya muuguzi, umezima. Sijui umeficha nini humo, na kwa sasa sitaki kujua. Ufunguo uje na basi la kesho. Usipokuja navunja mlango.

Dada yako


Jumatano, 6 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mpwa wangu anaendeleaje? Barua yako imefika, na leo hata kazi nimeiacha.

Usivunje mlango. Nakuomba kama mtoto.

Nitakwambia jambo ambalo hata mke wangu halijui. Asubuhi ile tuliyompeleka mama hospitali, wewe ukiwa kazini kwako, alikataa kupanda gari mpaka ajaze mtungi. Kusimama alikuwa hawezi. Alikaa kwenye kigoda akachota kwa kopo, kopo baada ya kopo, na nilipotaka kumsaidia akanifukuza. Akasema, "Wanangu wakirudi wakute maji." Tulirudi bila yeye. Maji tuliyakuta.

Watu wa msiba walipoanza kuyaulizia nilifunga mlango. Sikuweza kuyanywa na sikuweza kuyamwaga. Niliyafunika kwa mtandio wake mweupe, nikamwambia Mzee Kufuli ayalinde, ole wake yapungue. Kila mwaka nikija likizo nafungua, nachungulia, nafunga. Na hayapungui, dada. Miaka yote hii yako palepale shingoni mwa mtungi. Nimeshasema moyoni kwamba ni baraka zake.

Mtungi umefunikwa, mbu hawawezi kuwa wametoka humo. Akitoka zahanati, mhamishie mpwa wangu kwa jirani. Ufunguo nitauleta mwenyewe Jumamosi, tufungue pamoja. Lakini maji yale usiyaguse. Ndiyo ya mwisho aliyoyachota.

Mdogo wako


Ijumaa, 8 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo. Mlango niliuvunja juzi.

Nitakueleza nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa unachungulia tu. Mzee Kufuli alileta nondo, akasita, nikamnyang'anya. Mlango ulipofunguka walinijia usoni wote kwa pamoja, puani, masikioni. Mmoja nilimmeza. Nilimtema, ila mguu wake nahisi uko kwenye ulimi mpaka sasa ninapoandika. Mtungi ulikuwa na maji meusi yenye ngozi juu, na chini ya ngozi viluwiluwi vinajipinda, vingi hata maji yalionekana yanachemka. Mjusi aliyekufa alikuwa anaelea, mweupe, amevimba. Mtandio ulikuwa umezama. Nilipouvuta ulikuja na utelezi kama kamasi na harufu ambayo chumba changu cha kufulia hakijawahi kuipata. Nilitapika juu ya viatu vyangu.

Na si hilo tu. Mzee Kufuli alisimama nyuma yangu, kofia mkononi. Maji ya mama yalikauka mwaka ule ule wa kwanza. Yeye akakuogopa. Akapitisha mpira kwenye tundu la hewa, akaujaza mtungi kwa maji ya bomba, na tangu hapo kila yakishuka anaongeza. Mtandio ukimzuia anausukuma kwa fimbo. Aliniambia, "Mama, niliambiwa yasipungue. Hayakupungua."

Kwa hiyo zile baraka ni mpira wa Mzee Kufuli. Nimefikiria kukuficha nikaona nikikuficha utaujaza tena.

Nimemwaga yote, nyuma ya nyumba, kwenye jua kali. Nililia nikimwaga. Nililia kwa hasira, na kwa kinyaa, na kwa ajili ya mama, na siwezi kukwambia kipi kilizidi. Sikujua habari ya kigoda na kopo. Lakini hata ningejua ningemwaga. Mama yule hakuacha hata kikombe kilale bila kuoshwa. Angeuona mtungi wake katika hali ile angekuchapa, na mvi zako hizo.

Mtandio nimeuchemsha, nimeusugua, nimeuchemsha tena.

Mpwa wako jana alitokwa damu puani. Chembe za damu zimeshuka. Anakunywa maji kijiko kwa kijiko, amelazwa ndani ya chandarua ili mbu wasimuume wakaenda kuwauma wengine. Mtoto bado anacheza, lakini kwa uvivu. Muuguzi anasema siku mbili hizi ndizo zenyewe. Ukija Jumamosi usije kugombana nami. Njoo umshike mkono.

Dada yako


Jumapili, 31 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mke wangu anakusalimu. Sisi wazima wa mwili.

Jumamosi ile ulinisubiri, najua. Sikuja. Nililala na uso ukutani, nikikuchukia wewe, nikimchukia Mzee Kufuli, na kila mke wangu aliponiuliza nina nini nilisema jicho. Dereva ndiye aliyekuwa ananiletea habari, kwamba mpwa wangu ameanza kula, kwamba ameruhusiwa, kwamba mtoto anapiga teke tena. Kila habari njema ilinifurahisha na kunizidishia aibu, nikashindwa kuandika.

Jana nilikuja. Hamkuniona. Niliishia kwenye ua wa miti kando ya njia. Niliuona mtungi umepinduliwa juani, mdomo chini, na hasira zote zikanirudia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kukwambia, dada, maneno mabaya. Wewe ulikuwa kibarazani unampaka mpwa wangu mafuta shingoni huku unamgombeza, naye amevaa zile soksi, tumbo limemjaa mapajani. Nyuma yenu mtandio wa mama ulikuwa kwenye kamba. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa mweupe kiasi kile.

Pale pale mbu akaniuma mkono. Nilimpiga. Alikuwa na madoa meupe miguuni na alikuwa ameshiba kabla hajanifikia mimi. Niliiangalia ile damu kiganjani nikajiuliza ni ya nani, na watu waliokuwa mbele yangu walikuwa wawili tu. Mbu yule nimemfuga mimi. Nimemfungia mlango, nimemwekea wavu asitoke, nimemwekea na mlinzi wa kumjazia maji. Na yote hayo niliyaita mama. Nilitapika kwenye miti ya watu. Kisha nikarudi stendi, kwa sababu sikutaka mpwa wangu anione nilivyokuwa.

Mwambie Mzee Kufuli simdai neno. Alifanya nilichomwambia.

Nakuja Jumamosi na mke wangu, na safari hii nitapita mlangoni. Nimechomelea kifuniko cha mtungi, kinakaza hasa, na kizingiti cha bati cha kuziba chini ya ule mlango, ingawa sitaki ufungwe tena. Ugeuze mtungi, uuoshe. Najua umeshauosha, uoshe tena, wewe si ndiye unayeosha sabuni? Uujaze asubuhi hiyo. Nikifika nataka kunywa, na mpwa wangu anywe, na sote tunywe. Yakibaki jioni tutayamwaga.

Babu wa huyo anayekuja