Ng'ombe wa Kumwachia Baba

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Mke wangu Mishi, mama yake Swafiya,

Assalaam aleikum. Keti kwanza. Najua ukiisoma barua hii umesimama utaitwa zizini kabla hujafika nusu, nami nataka uisome yote bila kukatizwa. U hali gani? Swafiya je, kikohozi kimemwacha? Na Baba, goti linamruhusu kufika msikitini siku hizi, au bado anaswali hapo nyumbani? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo tu, na mgongo wangu waujua tangu uliponioa. Usicheke. Mamako ndiye asemaye kwamba ni wewe uliyenioa mimi, kwa vile mimi ndiye niliyehamia kwenu na wewe ukaenda kwetu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu inayoshika mtandao hapo nyumbani ni ya Hamisi, na ndugu yangu huyo akishaweka sauti ya juu, kila ninachokuambia hukisikia hadi jirani. Barua yako nilipewa na utingo wa basi pale Mwembe Tayari, ikiwa ndani ya ule mfuko wa njugu. Hii nayo itapita njia hiyo hiyo kesho asubuhi, ili ikuwahi kabla ya siku ya soko.

Nimeisoma yako hadi mikunjo imeanza kukatika. Sehemu ya chai ndiyo iliyonimaliza. Yaani mwanamke wa Mji wa Kale akiulizwa ng'ombe wa aina gani afugwe, anapita nyumba kwa nyumba kuomba kikombe cha maziwa, anapika chai birika baada ya birika, kisha anamketisha mkwewe aonje! Watu wote huko hutazama kiwele, miguu na meno. Wewe watazama rangi ya chai. Na bado ulipata ukweli, ndilo linaloniudhi. Ya Frisian ilikuwa nyepesi, ya Jersey ikapanda kidogo, na ya ng'ombe wa Baba mwenyewe ikashika utando wa malai juu hata kijiko kikasita. Namwona Baba akimeza taratibu, huku akijifanya hajui maziwa yapi ni yake.

Lakini najua hukuniandikia kwa ajili ya chai. Baba ameng'oa miwa, amepanda majani ya nepia, ameuza mafahali, na sasa pana nafasi ya ng'ombe mmoja wa maana. Hamisi anataka Frisian kutoka Kitale, kwa kuwa lori la maziwa hupima lita na wala halionji. Baba anataka wale wake wa kienyeji wenye nundu wabaki, yule mwekundu apandishwe mbegu ya Sahiwali, basi. Wamebishana hadi Baba akasema niamue mimi, maana ni mke wangu atakayemlisha ng'ombe huyo. Na mwenye mtamba wa Frisian atamngojea Hamisi mpaka siku ya soko tu, baada ya hapo anamuuzia mwingine. Yote hayo umeyaeleza vizuri. Halafu ukamaliza kwa kuandika, "Wewe sema lolote, mimi nitafuata." Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Tangu lini wewe ukafuata?

Nikuambie ukweli, nilikuwa nimeshaamua. Frisian! Nilikuwa hata nimeshika simu nimpigie Hamisi, ila salio likanikatalia. Unajua, nilipokuwa mtoto, mwalimu mkuu wetu alikuwa na Frisian mmoja nyuma ya ua wa michongoma. Kila nikitoka shule nilikuwa nasimama pale, nachungulia. Mweusi na mweupe, mkubwa, ametulia, anatafuna kana kwamba dunia nzima haina haraka. Ng'ombe wetu walikuwa wadogo, wakali, wenye kupe masikioni, na walikuwa wakinikimbiza mtoni badala ya mimi kuwakimbiza wao. Nilijiapia kwamba nikiwa mtu mzima mwenye kazi, mnyama kama yule atasimama uani kwetu, na kila apitaye njiani atajua hapa ni kwa nani.

Na bado, Mishi, nikikaa hapa joto likinibana, ninaowakumbuka si huyo wa mwalimu. Nawakumbuka wale wadogo wakali. Nakumbuka umande wa asubuhi ukilowesha miguu hadi magotini, na Mama yangu akiwa amejiinamia kwenye ubavu wa ng'ombe, paji la uso limeegemea manyoya, anazungumza naye kwa sauti ya chini mambo ambayo hakuwa akituambia sisi. Ndama amefungwa pembeni, analia. Nakumbuka harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, na maziwa mgando yakimiminika kwa vipande. Mungu amrehemu. Nikipata harufu ya moshi wa kuni mahali popote katika mji huu, mate hunijaa mdomoni na macho nayo hayako mbali.

Sasa sikiliza kilichonipata Alhamisi. Tulipangiwa meli ya mifugo. Sisi kazi yetu ni kufunga na kufungua makontena, lakini siku hizi kazi ni chache, mtu huchukua anachopewa. Tukapelekwa kusaidia kuwapandisha ng'ombe. Nilifika gatini nikakuta malori yamejipanga, na harufu ikanipiga kabla sijaona kitu. Harufu ya zizi, Mishi, katikati ya Kilindini, penye mafuta na chuma! Walikuwa ng'ombe wa Borani, weupe na wekundu, nundu zimesimama, wanapelekwa ng'ambo. Mmoja mwekundu aligoma kwenye ngazi ya kuingilia melini. Wenzangu wakamsukuma, wakampigia kelele, akazidi kukita miguu. Nami bila kufikiri nikapiga ule mluzi wa Baba wa kuwaita ng'ombe kutoka mtoni. Yule ng'ombe akageuza masikio, akanitazama. Kisha akapanda, mpole kabisa.

Wenzangu walinicheka hadi jioni, wakaniita mchungaji. Mimi sikucheka. Niliona kama nimemdanganya. Mluzi ule kwetu maana yake ni twende nyumbani, nami nimempigia aingie melini.

Nilirudi Mji wa Kale nimechoka. Vichochoro vyenu vimetiwa matofali mapya na kuta zimepakwa rangi, ukija utapotea njia ya kwenu mwenyewe. Nilipoingia tu mlangoni, mamako akaniita kutoka juu. Siku hizi hateremki. Magoti yamekataa ngazi, na akitaka kitu cha kichochoroni hushusha kikapu kwa kamba dirishani, mwenye mbaazi humtilia, kikapu kikapanda. Hataki nikuambie. Basi nimekuambia.

"Shabani! Mbona wanuka ng'ombe?"

Wakumbuka mwaka wa kwanza nilivyokuwa nikimjibu nikiwa nyuma ya mlango? Kwetu mkwe hamkabili mama mkwe, wala hali naye sinia moja, na yeye alidhani nina haya za kupita kiasi au nimeiba kitu. Siku hizi nakaa pale juu kwenye ngazi ya mwisho, yeye kitini, tunazungumza. Macho yangu bado hukaa sakafuni. Amezoea.

"Ni wa bandarini, mama," nikamwambia. "Wamepakiwa melini leo."

"Na huyo wa kwenu, ashanunuliwa?"

"Bado. Wangoja mimi niseme."

Akakunja na kukunjua ncha ya leso yake. "Huyo mkubwa wa maziwa mengi, hebu nambia, hukamuliwa mara ngapi?"

"Mara mbili, mama. Alfajiri na jioni."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata Idi?"

"Hata Idi. Asipokamuliwa kiwele huvimba, akaugua."

"Na Mishi akitaka safari, atakamua nani?"

Nikaanza kuwahesabu watu kwa vidole. Hamisi hajashika chuchu ya ng'ombe tangu alipopata kazi ya duka, wala mkewe. Baba, wewe wamjua, haamini ng'ombe asiye na nundu, hatamgusa. Ukiwaita majirani, kila mmoja ana wake wa kukamua saa hiyo hiyo. Nikafikiri zaidi. Maji ya kunywa ya mnyama yule, mitungi mitungi kutoka mtoni. Nepia ya kukatwa na kubebwa kichwani, maana huyo hatembei kujitafutia. Dawa ya kupe isikose hata wiki moja, homa ya ndigana haina huruma kwake. Kila kazi niliyoihesabu, mikono niliyoiona ni yako.

Mamako alikuwa akinitazama. "Basi huyo si ng'ombe," akasema. "Huyo ni mume. Mwanangu ashaolewa mara moja, yatosha."

Akacheka, nami nikacheka. Niliteremka chumbani kwangu nikakaa kitandani na nguo za kazi mwilini.

Kuna jambo nataka ulijue, kwa kuwa najua liliwahi kukuchoma. Siku ya harusi yetu wanawake wa mtaa wenu walimtafuta mama wa bwana harusi wasimwone, na ikanong'onwa kwamba hakukutaka. Haikuwa hivyo. Mama alikuwa amenunua leso mpya, amefunga mzigo, na mahali pake ndani ya basi palikuwa pamewekwa. Alikuwa na ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi kama huyo wa Hamisi, aliyempata kwa chama chao cha akina mama, na ng'ombe huyo akazaa siku mbili kabla ya safari. Ng'ombe yule alikuwa hakubali mkono wa mtu mwingine. Mama alinipigia simu akaniambia, "Nikiondoka ataugua kiwele, mwanangu." Nikamwambia si neno, utakuja wakati mwingine. Yule ng'ombe alikufa kwa ndigana mwaka ule ule. Mama naye hakuwahi kuja. Ulimfahamu wewe nilipokupeleka kwetu, alhamdulillahi, na alikupenda, hilo uliliona. Lakini mamako na mama yangu hawakupata kuonana hata siku moja, na kilichowazuia kilikuwa kiwele.

Ulikwenda huko tulipomzika, ukasema utakaa hadi Baba apate nguvu. Baba alipata nguvu, na wewe ukabaki, kwa sababu kila mara palikuwa na kitu cha kuvunwa au cha kuzaliwa. Sikulalamika. Nilijivunia, ukitaka kujua. Niliwaambia watu hapa kwamba mke wangu, aliyekuwa akiogopa hata mbuzi wa kichochoroni, sasa anamkamata ndama kwa masikio. Lakini sasa nimeona, na siwezi kujifanya sikuona. Tukimnunua yule mtamba, hutatoka tena. Si mwaka huu wala mwaka ujao. Na mamako hana miaka ya kuahirisha.

Basi neno langu ni hili, na ukipenda msomee Baba na Hamisi sehemu hii. Frisian asinunuliwe. Yule mwekundu wa Baba abaki, apandishwe Sahiwali, na ndama akija aachwe anyonye. Ng'ombe wa namna hiyo hujitafutia malisho, hunywa kiasi, na ukimwacha, ndama hummaliza maziwa na Baba hujikamulia ya chai yake. Huyo ni ng'ombe wa kumwachia Baba, naye atamtunza kwa furaha, maana ndiye aliyemtaka tangu mwanzo. Hamisi akiona lori limempita, na amnunue huyo wa Kitale kwa fedha yake, amfunge kwake, akamue yeye mwenyewe alfajiri kabla ya kufungua duka. Nitamtumia pongezi.

Maziwa yatakuwa machache, nalijua hilo. Mabati ya nyumba yetu, tuliyotarajia kuyanunua kwa fedha ya maziwa, yatangoja, nami itanibidi nikae hapa zaidi ya nilivyokuahidi. Wala sitamwona yule mweusi na mweupe uani kwetu. Inaniuma, Mishi, nisikufiche, mtu mzima mimi na inaniuma kama nilivyokuwa pale kwenye michongoma. Lakini sitaki kurudi siku moja nikukute umejiinamia kwenye ubavu wa ng'ombe, unamwambia yale ambayo ungemwambia mamako.

Ukiona nimekosea, niambie. Wewe ndiye uliye huko na wewe ndiye uliyeonja chai. Usinifuate tu.

Mpe Baba salamu zangu nyingi, mwambie mluzi wake bado unafanya kazi hata Kilindini. Msalimie Hamisi bila kumchokoza sana, na shemeji yangu mkewe. Mpe mkono mwalimu mkuu wetu wa zamani, nasikia naye alitoa kikombe chake cha maziwa. Mbusu Swafiya kwenye mashavu yote mawili, umwambie nyumba ya bibi yake ina ngazi ndefu za kupanda na kushuka, na mtu wa kuzikimbilia hayupo.

Kabla sijaifunga barua nilipanda juu kumuuliza mamako kama ana neno la kukutumia. Nilidhani atauliza unakuja lini, kama kawaida yake. Hakuuliza. Alifikiri, akatazama dirishani, kisha akasema:

"Mwambie maziwa hapa yauzwa mlangoni. Mtu wa kunitilia kikombeni ndiye sina."

Mumeo,
Shabani