Maji Yaliyotembea

Wewe mjukuu wangu,

Una adabu gani ya kumcheka mdogo wako mbele ya wafanyakazi wenzenu? Eti gemu yako ameihamishia kwenye kompyuta kuukuu ikawa katuni ya maskini! Tangu siku ile hagusi kazi, na anasema anaacha kabisa.

Goti langu halijambo, usiulize.

Sikusoma, lakini macho ninayo. Niliwasha mashine zenu zote mbili mezani, yako na yake, nikacheza. Kwako ule mto wa kwenye gemu una rangi za kila namna na muziki wa bendi nzima. Sawa, mashine yako ina nguvu. Ya mwenzio ina nyeusi na nyeupe tu, na sauti moja. Basi akapanga vitone vyeusi na vyeupe, akavipishanisha upesi, na maji yakatembea! Ile sauti akairusha juu na chini mpaka nikasikia watu wawili wanaimba. Nilishika mdomo. Nikamwita jirani, akasema, "Mama, huu uchawi!"

"Uchawi gani? Mjukuu wangu huyo!"

Leo, kabla hujala, mpigie simu. Utani wako uweke kando. Mwombe radhi, kisha muulize maji aliyatembezaje, nawe unyamaze umsikilize.

Bibi yako, asiyebembeleza mtu