Betri za sikio la bibi

Shoga, babu ametutoka. Niko koridoni hapa hospitali.

Aliongea, unaamini? Wiki nzima kimya, leo akamshika bibi mkono, akanong'ona weee. Bibi anaitikia tu, "Ndiyo, baba. Ndiyo." Mimi alipoanza tu nikakimbia kumwita nesi. Nilirudi ameshakata roho.

Aliongea, shoga, na hakuna aliyemsikia. Kifaa cha bibi cha sikio kilikuwa kimezima. Nikajaribu betri zote za akiba. Zimekufa.

Mama anashangaa: "Mbona mpya? Nilizibandua vikaratasi vyote mwenyewe, nimpunguzie bibi yako kazi."

Zile si kama za rimoti, ambazo kemikali zote zimo ndani. Zile zina zinki inayongoja hewa. Ukibandua kikaratasi, hewa inaingia, inakutana na zinki, umeme unaanza. Tangu hapo inajimaliza, hata ikikaa kabatini.

Mama nimemwambia zilikuwa mbovu toka dukani. Ningesemaje?

Ila bibi kanivuta sikio, na utani wake uleule: "Mke mwenzangu, nimemjibu ndiyo. Sasa nimekubali nini?"