Tulipopita Mbele ya Nyumba ya Mama

Jumatatu, jioni. Hapa Mabatini kuna joto la kukera, mawingu yamekaa juu ya vilima tangu mchana na mvua haishuki. Nina hasira. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia yeye, nitatukana.

Mume wangu, Fabian, ana rafiki mwenye boti ya matanga. Nyeupe, safi, ina vitanda ndani na jiko dogo la gesi. Muda mrefu Fabian alikuwa ananibembeleza twende tuzunguke visiwa, tupumzike na kelele za mjini. Nikakubali kwa sharti moja tu: tupite kisiwani kwetu, tushuke, amsalimie mama. Akasema, "Hilo tu? Limekwisha."

Limekwisha kweli.

Tuna miaka mitatu kwenye ndoa na Fabian hajawahi kukanyaga kwetu. Mahari ilipokelewa na baba mdogo hapa hapa Mwanza, harusi ikafanyika hapa, mama akaja na meli, akarudi na meli. Kwetu mkwe akija mara ya kwanza anachinjiwa kuku, na mama mkwe hali naye. Anakaa jikoni anasubiri sahani zirudi. Zikirudi tupu, ameheshimiwa, na majirani wote watapata habari kabla ya jioni. Mama amezisubiri sahani hizo miaka yote hii. Kwa hiyo Alhamisi nilimpigia simu: Jumamosi tunakuja, chinja.

Safari yenyewe siwezi kuisingizia, ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ijumaa tulitia nanga kwenye kisiwa kisicho na mtu, mawe makubwa na ndege tu. Hakuna jenereta, hakuna bodaboda. Ukilala unasikia maji yanagonga ubavu wa boti, basi. Nilimwangalia Fabian anacheka na nikampenda upya, mjinga mimi.

Jumamosi asubuhi tukakiona kisiwa chetu. Niliona bati la nyumba yetu, nikaona moshi wa jikoni. Nikaanza kujifunga kitenge. Fabian alikuwa ananong'ona na rafiki yake kwenye usukani, kisha akaniita kwa ile sauti yake ya kubembeleza.

"Mke wangu, tukishuka pale leo hatutoki. Salamu, maombi, watu kujaa. Sisi tumekuja kutafuta utulivu. Na upepo ndio huu, mzuri. Tutakuja siku nyingine, rasmi."

Utulivu! Yaani mama yangu ni kelele.

Nikamwambia mama anasubiri. Akasema ataelewa, wazazi huwa wanaelewa. Rafiki yake akajifanya anakaza kamba. Tukapita karibu kabisa. Mama alikuwa ametoka, amesimama kwenye mawe ya kufulia na jirani zake wawili, amevaa gauni alilovaa kwenye harusi yangu, anapunga kanga kutuonyesha pa kutia nanga. Na Fabian, jamani, Fabian akampungia mkono! Akatabasamu na kupunga, kama mtalii.

Nilikaa tu, naiangalia ile kanga mpaka mkono wa mama ukashuka.

Leo ndiyo nimepata ujasiri wa kumpigia. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, ningezipokea zote. Mama hakunilaumu. Amesema, "Niliwaona mwanangu, mlipendeza. Nimewaambia majirani upepo uliwakatalia. Mpe pole mkwe wangu."

Upepo! Upepo ulikuwa unatupeleka mlangoni kwake. Wale wanawake wamezaliwa ziwani, waliliona tanga lilivyojaa. Mama amewadanganya na wao wameitikia, na wote wanajua.

Nikamwambia kesho nakuja, mimi peke yangu. Akasema, "Peke yako usije, mwanangu. Wataniuliza yuko wapi."

Kwetu. Nilipozaliwa. Eti nisije.

Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia ili Fabian asisikie. Angesikia wapi, yuko sebuleni na simu yake. Ametupia mtandaoni picha za safari, watu wanamsifia. Nimezifungua moja moja. Kwenye mojawapo mama yumo, mdogo sana, kanga iko juu. Chini yake Fabian ameandika: "Wenyeji wakarimu wa visiwani wakitupungia."

Hakumtambua.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta utani ndani yake. Hamna. Alimwona mama mkwe wake amesimama pale, akamwona mwenyeji.

Begi limeshafungwa, liko nyuma ya mlango, na sijamuaga mtu. Meli ya Nansio inaondoka asubuhi, kutoka pale nitapata mtumbwi wa kunivusha. Mama atakasirika akiniona peke yangu, akasirike. Majirani wakija kuuliza mkwe yuko wapi, mama asifungue mdomo. Nitawajibu mimi.