Levina na kijiji cha Uingereza

Advera, acha unachofanya usome hii. Levina wetu ameumbuka leo Goweko, mbele ya parokia nzima.

Alipewa kazi ya kumtafsiria Bi Doroti, yule mgeni Mwingereza aliyekuja kutueleza habari za kijiji chake. Tangu asubuhi Levina anatembea kama balozi.

Mama wa watu akasema kweli tupu: duka lao lilifungwa, basi linapita Jumanne tu, na kanisani Jumapili wanasali watu kumi na mmoja.

Levina akaona hiyo ni aibu kwa Ulaya. Akatafsiri, "Wanasali watu mia moja na kumi." Mia moja na kumi, Advera. Basi lao akalifanya la kila saa, duka akalijengea ghorofa.

Akanyanyuka mzee Xavery, aliyewapikia mapadre Kipalapala miaka thelathini. "Binti, mgeni kasema kumi na mmoja. Kiingereza nimekisikia jikoni kabla hujazaliwa."

Watu walicheka mpaka padri akajifunika uso. Levina kazi yake ikawa kukunja na kukunjua pindo la kitenge.

Mzee hakukaa. Akamgeukia mgeni, akamuuliza kwa Kiingereza chake hicho cha jikoni: kama mko wachache hivyo, mkifiwa nani anawazika?

Bi Doroti akaiweka karatasi yake chini, akajibu polepole. Safari hii Levina alitafsiri neno kwa neno: "Tunawalipa watu wasiotujua."

Hapo hakuna aliyecheka.