Majibu ya Kweli ya Namba Moja

Kijiji cha Ujamaa Kemarare,
S.L.P. Mugumu,
Wilaya ya Serengeti.
14 Novemba 1976

Mpendwa mwanangu Joram,

Kabla ya yote niambie habari ya kifua chako. Ulipoondoka hapa Aprili ulikuwa unakohoa, na tangu siku hiyo nikisikia mtu anakohoa njiani nageuka kuangalia kama ni wewe. Je, umepona? Una chandarua? Shangazi yako Verdiana anakupikia Jumapili kama alivyoahidi? Mimi mamako sijambo, ila goti la kushoto ni lile lile. Mdogo wako Wegesa hajambo pia, mimba yake sasa ina miezi saba, hataki kula kitu ila udongo wa kichuguu na mihogo ya kuchoma.

Usishangae mwandiko. Barua hii sikuandikiwa na mwalimu wa kisomo cha watu wazima kama zile nyingine. Nimeiandika mwenyewe, leo ni siku ya nne, kwa sababu maneno yaliyomo sitaki yapite kwanza kwa mtu mwingine. Penye makosa utanisamehe, wewe msomi utajaza.

Mvua za vuli hazijafika. Mawingu yanakuja, yanasimama upande wa Nyanungu, yanarudi. Ndama wa yule ng'ombe wako mwekundu amekufa. Sukari hatujaiona tangu Septemba, lakini hiyo tumeshazoea.

Sasa baba, neno lenyewe.

Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuja Landrova na mabwana wawili wa mipango ya utalii, pamoja na katibu kata. Tukagongewa kile chuma cha kuitia mkutano, tukakusanyika ofisi ya kijiji. Bwana mmoja alikuwa na kitabu mkononi. Alipokiinua nikaona jina lako juu yake, nikalisoma mwenyewe herufi kwa herufi, JORAM WAITARA. Nilifurahi mpaka nikamfinya jirani yetu Gati mkono, nikamwambia, "Ona, mwanangu huyo!" Akaniambia, "Nyamaza basi tusikie." Ile furaha, mwanangu, haikukaa hata muda wa kuchemsha chai.

Yule bwana akasema kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu, mtoto wenu wenyewe, amefanya utafiti hapa ili ijulikane kambi ya watalii ijengwe wapi bila kuumiza wananchi. Akasema utafiti umeonyesha kwamba mahame yetu ya kule mtoni Manchira, tulikokuwa tunakaa kabla operesheni ya vijiji haijatuleta hapa, hayatumiki tena. Hakuna anayelima, hakuna anayechunga, hakuna anayechota maji. Nyumba zote zilizoulizwa zimesema hivyo. Kwa hiyo kambi itajengwa huko, na serikali haitamhamisha mtu, maana hakuna mtu. Akafunga kitabu, akatabasamu, akangoja tupige makofi.

Baba yako mkubwa, mzee Nyangwine, akasimama na fimbo yake. "Ndugu, sisi tunalima kule."

Bwana akafungua kitabu tena. "Mzee, mwezi wa nne mlisema hamlimi. Nishike lipi, karatasi au mdomo?"

"Shika tumbo langu," mzee akasema. "Hilo halijui kudanganya."

Watu wakacheka, hata katibu kata alicheka. Lakini kesho yake asubuhi vijana wa ile Landrova walikuwa wanapigilia vigingi vya rangi nyekundu kutoka mtoni mpaka kwenye ule mkuyu wetu.

Mwanangu, hukukosea kuandika. Tulikosea sisi kusema. Nisikilize nikueleze, maana najua huko wewe huelewi imekuwaje.

Ulipokuja na karatasi zako ulikwenda kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, kama mtoto mwenye adabu, ukamwomba akutembeze. Akakutembeza nyumba kwa nyumba. Wewe unauliza, yeye amekaa kwenye kigoda pembeni yako anakuna ndevu. Na ni balozi huyo huyo anayepeleka ofisini majina ya watu wanaorudi mahame. Yalipompata Wangwe, mume wa Gati, wewe ulikuwa shuleni, hukuyaona. Alikutwa kule na jembe. Wakachoma kibanda chake cha ulezi, naye akafagia ofisi ya kijiji mwezi mzima, wakwe zake wakipita wanamwona ameinama na ufagio. Baada ya hapo nani angesema mbele ya balozi kwamba bado analima kule?

Na wa kwanza kuulizwa nilikuwa mimi. Ulisema unaanzia nyumbani ili wengine wasiogope. Ukasema jina langu haliandikwi, nitakuwa Namba Moja. Nikakutazama unavyochonga penseli, uso ni wa baba yako kabisa, nikaona haya kusema mbele ya mtu kwamba mamako anavunja amri ya kijiji. Nikasema hapana. Ukauliza lingine, nikasema hapana. Wengine waliposikia kwamba mama wa mwenye karatasi amesema hapana, wakajua hilo ndilo jibu linalotakiwa. Hata balozi mwenyewe ulipomwuliza alisema hapana, na ng'ombe wake ndio wanaotangulia kulamba chumvi ya kule.

Utauliza mbona sikukuambia tulipobaki wawili. Nilitaka, baba. Siku unafunga mzigo nilikupikia ugali wa ulezi, ukala, ukasema, "Mama, kumbe shamba la kijiji linatoa ulezi mzuri hivi!" Nikasema ndiyo, ongeza. Ulezi ule ulitoka mahame. Wote ulioula mwezi mzima ulitoka mahame. Nilidhani zile ni karatasi za shule tu, zitaishia kwa mwalimu wako, apige vema, basi. Sikujua kwamba zinaweza kurudi hapa ndani ya Landrova.

Juzi Gati alikwenda kung'oa mihogo yake. Mlinzi wa vigingi akamsimamisha, akamwambia, "Mama, si ninyi mlisema hamna kitu huku? Hii mihogo ni ya nani?" Akamwaga kapu. Gati amerudi mikono mitupu, na tangu siku hiyo nikimsalimu mtoni anainama kwenye ndoo yake kama hajasikia. Miaka kumi na tisa tumechota maji pamoja. Wegesa naye ameambiwa na wanawake wenzake kwamba kaka yake ametuuza kwa karatasi zake. Hakulia pale, alikuja kulia hapa nyumbani.

Sitaki kukutisha, lakini ujue hali. Hapa tuliposhushwa ni mawe. Shamba la kijiji mwaka huu tumegawana debe moja moja. Kilichotulisha ni kule. Ghala letu limebaki na ulezi wa kutufikisha Januari, nikipima vizuri, na Wegesa anajifungua mwezi huo huo.

Mabwana wamesema watarudi mwezi wa kwanza na wakubwa wao kulimaliza jambo hili. Mzee Nyangwine alimfuata katibu kata nyumbani kwake akambembeleza. Akaambiwa maneno yetu sasa hayana nguvu, kwa sababu tunaonekana tumegeuka baada ya kuona kambi. Labda mwenye kitabu mwenyewe aandike kwamba majibu aliyopewa hayakuwa ya kweli.

Ninajua ninachokuomba. Wegesa alinisomea ile barua yako ya Agosti mara tatu, mwalimu wako alivyokisifu kitabu, na kwamba kwa kitabu hicho utapata digrii yako mapema mwakani. Wewe ukiandika kwamba watu walikudanganya, watakuuliza utafiti gani huo wa kudanganywa hata na mama mzazi. Pengine watakirudisha chote. Pengine watakurudisha na wewe. Baba yako alikufa akisema jambo moja tu, huyu asome, na mimi ndiye ninayekuandikia uharibu kazi yako kwa mkono wako. Nimeanza sentensi hii mara nyingi nikaifuta, utaona karatasi imechubuka.

Lakini sikuona njia nyingine. Basi niulize tena, nami nitajibu. Maswali yako nayakumbuka.

Unalima kule? Ndiyo. Ulezi, kutoka mkuyu mpaka kwenye kichuguu kikubwa, na mihogo nyuma yake. Tunakwenda alfajiri kwa zamu kama tunakwenda kutafuta kuni, jembe liko ndani ya mzigo.

Unachunga? Ndiyo. Ng'ombe sita waliobaki, kwa ajili ya chumvi ile ya ardhini. Wasipoilamba maziwa yanakatika.

Maji? Kisima cha hapa kinakauka Agosti. Kuanzia hapo wote tunachota Manchira, pamoja na balozi.

La mwisho uliuliza, je, kuna kitu chochote kule unachokithamini. Nikasema hapana. Ukainua macho ukaniangalia, nami nikaangalia chini. Balozi alikuwepo. Ukaandika hapana. Mwanangu, sote wawili tulijua pale pale.

Andika sasa. Baba yako yuko kule, kwenye mlango wa zizi letu la zamani, upande wa kulia unapoingia. Nilikwenda kupaona. Kigingi chao kimoja kipo hatua nne kutoka kichwani kwake.

Barua hii mpe mwalimu wako aisome yote. Usimwambie ni ya Namba Moja. Jina langu nimeliandika chini, nililijifunza kwenye kisomo kwa shida, acha lifanye kazi. Kama kuna kufagia ofisi, nitafagia. Wakija kuuliza tena, balozi na aje na kigoda chake akae pale pale, nitasema akiwa ananitazama.

Ukiona huwezi, baba, nijulishe mapema, nisiwe nawaangalia watu njiani nikiwapa tumaini ambalo halipo. Sitakununia. Utakuwa mwanangu na kifua chako nitakiuliza kwa kila barua.

Barua hii anaichukua Athuman, fundi cherehani wa Mugumu, aitie posta kwa mkono wake. Wegesa anakusalimu, anasema mtoto akiwa wa kiume ataitwa Waitara. Mzee Nyangwine anakusalimu, anasema msomi wetu aje ale ulezi wa mahame angalau mara moja akijua anakula nini. Gati hakusema nikusalimu, lakini nimemtaja kwa sababu alikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo. Wewe msalimie shangazi Verdiana na wote wa nyumba yake.

Mungu akulinde barabarani na darasani, na siku ukikaa kuandika akushike mkono.

Mamako akupendaye hata ukikataa,

Bhoke, mke wa marehemu Waitara, wa Kemarare